Mlima Hauna Hatimiliki

Mji wa Moshi umejaliwa kitu ambacho miji mingi ya dunia haina. Siku isiyo na mawingu, ukisimama barabarani ukatazama kaskazini, unauona Kibo, mita 5,895, na Mawenzi kuume kwake. Wageni huvuka bahari kuja kuuona mlima huo. Sisi wenyeji tunauziba kwa vioo.

Nasema wazi: majengo ya benki, mifuko ya pensheni na makampuni, yaliyovikwa vioo vya buluu toka chini hadi juu, si maendeleo. Ni nguo ya kuazima, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Moshi iko nyuzi 3 tu kusini ya Ikweta. Jua la asubuhi hupiga ukuta wa mashariki, la alasiri ukuta wa magharibi. Ukizijaza kuta hizo vioo umejenga tanuri. Hapo ndipo viyoyozi vinaponunuliwa, na umeme ukikatika makarani hujipepea kwa mafaili. Waliojenga maduka ya zamani yenye baraza mbele walilijua jua letu kuliko sisi.

Wapo watakaosema mimi ni adui wa ghorofa. La hasha! KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa ulioundwa mwaka 1933, ulijenga ghorofa katikati ya mji huu kwa fedha ya kahawa. Mkulima aliyeteremka kutoka Marangu, Machame au Kibosho aliweza kulinyooshea kidole akasema, "Hili letu." Leo ni nani anayeweza kusema hivyo mbele ya ukuta unaomrudishia sura yake tu, na mlinzi anayemuuliza anataka nini? Hata pale jengo lilipojengwa kwa michango ya wafanyakazi, mchangiaji huingia kama mgeni.

Manispaa ndiyo itoayo vibali vya ujenzi. Basi ivitoe kwa masharti: jengo lisizibe njia ya macho kuelekea mlimani, limpe mpita njia kivuli, na madirisha yake yafunguke. Asiyeweza masharti hayo akajenge kwingine.

Barafu ya Kibo inapungua, na peke yetu hatuwezi kuizuia isiyeyuke. Lakini ukuta unaoficha mlima hujengwa kwa saini ya ofisa wetu, hapa hapa mjini. Saini hiyo tuna haki ya kuihoji.