Wakili Kwanza, Mchango Baadaye

Stephen Munyakho alirudi Kenya tarehe 29 Julai 2025, baada ya miaka kumi na minne katika magereza ya Saudia. Wengi walimjua kwa jina la Stevo; huko gerezani alisilimu, akaitwa Abdulkareem. Alikuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji, na siku ya kuuawa kwake ilitajwa mara mbili mwaka 2024, kwanza 15 Mei, kisha 26 Novemba, na mara zote mbili ikasogezwa mbele. Aliyemtua mzigo mwishowe ni Rabita, jumuiya ya Kiislamu ya dunia yenye makao yake Makka, iliyolipa diya, yaani fidia ya damu, ya riyali milioni 3.5 mwezi Machi 2025.

Nchi nzima ilifurahi, na furaha ile ilikuwa ya haki. Hata hivyo wakazi wa wadi ya Shika Adabu, Mombasa, kama wenzao wa Mtongwe, Bofu, Timbwani na Likoni yote, wana sababu ya kukisoma kisa hiki kuanzia mwanzo wake. Kutoka ng'ambo ya feri hadi barabara ya Lunga Lunga si rahisi kumpata mtu asiye na ndugu, jirani au mwanafunzi mwenzake wa zamani aliyekwenda Saudia, Qatar, Oman au Dubai kutafuta riziki.

Mwanzo wenyewe ulikuwa Aprili 2011. Munyakho, msimamizi wa ghala katika hoteli ya kitalii upande wa Bahari ya Shamu, aligombana na mfanyakazi mwenzake raia wa Yemen. Wakaumizana, na yule Myemeni akafa. Mahakama ya kwanza iliona kuwa ni kuua bila kukusudia, ikampa Munyakho kifungo cha miaka mitano. Familia ya marehemu haikuridhika. Ikakata rufaa, na mwaka 2014 hukumu ikageuka kuwa ya kuua kwa kukusudia. Adhabu yake ni kifo.

Kutoka ugomvi hadi hukumu ya kifo ilipita miaka mitatu hivi. Humo ndimo wakili, mkalimani na afisa wa ubalozi wanapokuwa na kazi ya kufanya. Jina la Stevo lilipotapakaa kwenye redio na simu za Wakenya mwaka 2024, hoja za kisheria zilikuwa zimekwisha. Kilichobaki kuzungumzwa ni bei. Familia ya marehemu ilikuwa imetaka riyali milioni 10, ikakubali kushuka hadi milioni 3.5, takriban shilingi milioni 129 za Kenya. Kila mtu aliyehesabiwa katika Kaunti ya Mombasa kwenye sensa ya 2019, kuanzia mtoto mchanga hadi bibi kizee, angetoa shilingi mia, fedha hizo zisingetimia. Waliohesabiwa walikuwa 1,208,333.

Kwa hiyo wito kwa Shika Adabu ni kwamba wadi ijipange sasa, wakati hakuna jina kwenye magazeti, ili siku mtu wake akikamatwa ugenini msaada umfikie wiki ya kwanza, kabla hajatia sahihi karatasi asiyoweza kuisoma.

Kikwazo cha kwanza kiko nyumbani. Mtu akikamatwa kwa kosa la kuiba waleti, mtaa mzima hujaa mlangoni kwao. Akitajwa kwa mauaji, mihadarati au ugaidi, barazani watu hupunguza sauti, simu hazipokelewi, na mama hubaki peke yake na habari aliyoipata kwa mtu baki. Pwani inaujua vizuri ukimya huu. Mohammed Abdulmalik alikamatwa Mombasa Februari 2007, na mwezi uliofuata akawa Guantanamo. Alihusishwa na shambulio la hoteli ya Kikambala la Novemba 2002. Hakufunguliwa mashtaka hata siku moja, na alirudishwa Kenya Desemba 2024, miaka zaidi ya kumi na saba baadaye.

Wapo waliokataa kunyamaza, na baadhi yao walilipia. Al-Amin Kimathi, mtetezi wa haki za binadamu, alikwenda Kampala Septemba 2010 kufuatilia kesi ya Wakenya waliotuhumiwa kwa mabomu ya tarehe 11 Julai mwaka huo, yaliyoua zaidi ya watu sabini. Alikamatwa yeye mwenyewe, akashtakiwa kwa ugaidi, akawekwa gereza la Luzira kwa mwaka mzima mpaka mashtaka yalipoondolewa Septemba 2011. Kesi yenyewe iliamuliwa Mei 2016. Baadhi ya washtakiwa walipatikana na hatia wakafungwa, wengine wakaonekana hawana hatia. Wote walikuwa wamebebeshwa tuhuma moja, na pasipo utetezi mahakamani hakuna ambaye angewatenganisha.

Kumsaidia mtuhumiwa, basi, si kuapa kwamba hakufanya. Jirani wa Shika Adabu hawezi kujua kilichotokea ndani ya ghala au nyumba iliyo maelfu ya kilomita kutoka Likoni. Anachoweza kudai ni kwamba aliyekamatwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, apate wakili, na nchi yake ijue alipo.

Dai hilo lina msingi. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kibalozi, ambao Kenya na Saudia zote ni wanachama, unasema katika kifungu cha 36 kwamba mgeni akikamatwa aambiwe bila kukawia kuwa ana haki ubalozi wake upewe habari. Maafisa wa ubalozi nao wana haki ya kumtembelea, kuandikiana naye na kumpangia wakili. Mkataba huu una meno: mwaka 2001, katika kesi ya ndugu wawili wa Kijerumani waliohukumiwa kifo na kuuawa Arizona, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kuwa Marekani ilivunja kifungu hicho. Lakini afisa wa ubalozi Riyadh au Muscat hawezi kumtafuta mtu anayeitwa tu "Mwanaisha wa Likoni". Anahitaji jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, mji, jina la mwajiri na la wakala aliyempeleka, na siku aliyosikika mara ya mwisho.

Hapo ndipo kamati ya wadi inapokuwa na maana. Kila nyumba yenye mtu ng'ambo na iweke nakala ya pasipoti yake, viza, mkataba wa kazi na anwani ya mwajiri, na nakala nyingine ikae kwa mtu wanayemwamini. Kamati na iwe na watu wachache wanaokubalika na pande zote: imamu, mchungaji, mwalimu, mama wa chama, kijana anayejua kuandika barua pepe, na mtu mmoja anayesoma Kiarabu. Wa mwisho huyo wadi haitamkosa; madrasa zipo. Habari ya kukamatwa ikifika, kamati iandike siku hiyohiyo kwa ubalozi, kwa Wizara ya Mambo ya Nje na kwa idara ya serikali ya masuala ya Wakenya walio ng'ambo. Ihifadhi nakala, na iandike tarehe ya kila simu na jina la kila afisa aliyejibu. Mashirika ya haki za binadamu yenye ofisi Mombasa, kama MUHURI na HAKI Africa, yapewe faili iliyopangika, si sauti za WhatsApp zilizorushwa kutoka kikundi hadi kikundi.

Na yako ya kuepukwa. Picha ya mtuhumiwa isisambazwe na maneno ya kubuni. Wakala anayedai "najua mtu ndani, nitumie elfu hamsini" asitumiwe kitu. Wala familia ya marehemu isitukanwe mitandaoni.

Hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Kwa sheria ya Saudia, uhai wa aliyeua kwa kukusudia huwa mikononi mwa warithi wa marehemu: wanaweza kudai kisasi, kusamehe bure, au kupokea diya. Katika kisa cha Munyakho, huko Yemen kulikuwa na nyumba iliyompoteza mtu wake. Kampeni inayosahau msiba wa upande wa pili huwa inajifungia mlango wenyewe inaoubisha.

Wakati mwingine mchango hautaepukika, na hapo Shika Adabu inaweza kujifunza kwa watu wa Kerala, India. Aprili 2024 walikusanya riyali milioni 15, rupia milioni 340, kwa ajili ya mwenzao aliyekuwa gerezani Riyadh tangu 2006 kufuatia kifo cha kijana mlemavu aliyekuwa akimhudumia. Walitumia programu ya simu iliyomwonyesha kila mtoaji fedha zilipofikia. Hukumu ya kifo ilifutwa Julai 2024. Hata hivyo, Mei 2025 mahakama ilimpa kifungo cha miaka 20, kikihesabiwa tangu alipokamatwa, kwa sababu msamaha wa familia hauondoi haki ya dola kuadhibu. Diya ilimwokoa na kifo. Siku za gerezani zilibaki za kuhesabiwa, na wakili bado alihitajika.

Kuna makosa ambamo diya haina nafasi kabisa. Mkenya mmoja alikamatwa uwanja wa ndege wa Ho Chi Minh, Vietnam, Julai 2023, akiwa na zaidi ya kilo mbili za kokeini kwenye mzigo. Alijitetea kuwa hakujua kilichomo. Machi 2025 akahukumiwa kifo. Mihadarati haina mrithi wa kusamehe. Njia zilizobaki ni rufaa, ombi la rehema na mazungumzo ya serikali kwa serikali. Mwezi Juni mwaka huo, Bunge la Vietnam liliondoa adhabu ya kifo kwa makosa manane, likiwemo la kusafirisha mihadarati. Vijana wanaopanga safari na waambiwe kisa hiki waziwazi, pale maskani na msikitini: mzigo wa mtu mwingine haubebwi, hata aliyeutoa akiwa rafiki.

Yote hayo ni kazi ya mtaa. Ipo na kazi ya dola, na Wafilipino wameonyesha jinsi inavyodaiwa. Machi 1995 Flor Contemplacion, mfanyakazi wa nyumbani, alinyongwa Singapore kwa mauaji. Hasira za wananchi zilizaa, mwaka huohuo, Sheria namba 8042 ya kuwalinda wafanyakazi wa ng'ambo, na ndani yake mfuko wa msaada wa kisheria wa peso milioni 100 wa kulipa mawakili wa ugenini, dhamana na gharama za kesi. Mfilipino mwingine, Mary Jane Veloso, aliponea chupuchupu kuuawa kwa risasi kwa hukumu ya kifo Indonesia Aprili 2015, huku serikali yake ikiendelea kumwombea, na Desemba 2024 alirudishwa kwao.

Kifungu cha 119 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Halihitaji chama wala mfadhili. Linahitaji karatasi, sahihi na namba za vitambulisho. Shika Adabu na ianze kuzikusanya sahihi hizo baada ya swala ya Ijumaa, baada ya ibada ya Jumapili, kwenye mikutano ya vyama vya akina mama na kwenye foleni ya feri, kisha iwaalike wadi nne nyingine za Likoni. Mbunge akabidhiwe nakala mbele ya watu, aulizwe siku atakayoiwasilisha.

Ombi lenyewe liwe na mambo matatu. La kwanza, mfuko wa kisheria uliowekwa kwa sheria, wenye bajeti kila mwaka, wa kuwalipia mawakili na wakalimani Wakenya wanaokabiliwa na adhabu ya kifo au kifungo kirefu ugenini. La pili, muda maalumu ambao ubalozi lazima umfikie Mkenya aliyekamatwa tangu upate habari, na familia ijibiwe kwa maandishi. La tatu, kila wakala mwenye leseni awajibike kuiarifu familia na serikali pindi mtu aliyempeleka anapotiwa mbaroni, la sivyo apoteze leseni yake.