Chanjo ikikuletea madhara, nani anakulipa?

Bango la kampeni ya chanjo linakuambia siku, kituo na umri wa mtoto anayehusika. Kuna jambo moja halikuambii: yule mmoja kati ya mamia ya maelfu akidhurika kweli, hela ya matibabu na ya kuishi na ulemavu inatoka wapi?

Kwa mkazi wa Arusha jibu fupi ni hili: kwa chanjo za kawaida kama surua, polio au HPV, hakuna mfuko maalumu wa fidia. Kilichopo ni mahakama, na njia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Ni nadra, lakini yapo

Homa, mkono kuuma, mtoto kusumbua usiku: hayo ni maudhi ya kawaida na yanaisha yenyewe. Hapa tunaongelea madhara makubwa.

Chukua chanjo ya Janssen. Ndiyo iliyofungua kampeni ya corona Tanzania, baada ya dozi 1,058,400 kutoka Marekani kuingia kupitia COVAX Julai 2021. Rais Samia alichanjwa hadharani Julai 28. Huko Marekani, hadi Machi 2022, walithibitishwa watu 60 waliopata tatizo la damu kuganda huku chembe sahani zikishuka, na 9 kati yao walifariki. Dozi zilizotolewa zilikuwa zaidi ya milioni 18. Ni kama watu watatu kwa kila dozi milioni moja.

Namba ni ndogo sana ukilinganisha na waliookolewa. Ila kwa familia iliyoguswa, namba ndogo haipunguzi msiba.

Upande wa pili nao tuuseme: si kila kinachotokea baada ya chanjo kimeletwa na chanjo. Mtoto anaweza kuchanjwa Jumatatu, Alhamisi akaugua malaria. Ndiyo maana uchunguzi ni lazima.

Ukiamua kwenda mahakamani

Tuseme mtu wa Ngaramtoni au Usa River amepata ulemavu baada ya kuchanjwa kwenye kituo cha serikali. Kabla ya kufungua kesi ya madai lazima aipe Serikali notisi ya siku 90. Kesi inafunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe.

Hapo ndipo mzigo unapokuwa mzito. Anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Na hatoshi kuonyesha kwamba chanjo ndiyo iliyomdhuru. Lazima aonyeshe pia kuna mtu aliyezembea. Sasa, madhara mengi ya nadra hutokea bila uzembe wowote: chanjo ilikuwa nzima, nesi alifuata utaratibu, mwili tu ndio ulipokea vibaya. Mtu huyo ameumia kweli, lakini hana wa kumshtaki.

Muda nao unakimbia. Madai ya aina hii yana ukomo wa miaka mitatu. Aliyedhurika Agosti 2021, Agosti 2024 mlango ulishafungwa. Mtoto anapewa nafuu, kwani muda wake huanza kuhesabiwa akishakuwa mtu mzima. Lakini baada ya miaka yote hiyo, faili la kliniki litapatikana wapi?

Wengine watasema, Arusha si ndiko iliko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu? Ipo kweli. Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu mwananchi kuipeleka nchi yake pale moja kwa moja, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi Novemba 2020.

Corona ilifungua mlango wa pembeni

Nchi zilizotaka dozi za COVAX zilitakiwa kukubali kubeba madai badala ya watengenezaji. Ili nchi maskini zisielemewe, Februari 2021 ulitangazwa mpango wa fidia kwa nchi 92, Tanzania ikiwemo. Kuomba ni bure, na huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Unahitaji ushahidi wa kitabibu kwamba chanjo ilileta ulemavu wa kudumu au kifo. Ukikubali malipo, unaachana na kesi.

Malipo yanapigwa kwa pato la taifa kwa kila mtu, mara 12, kisha mara kiwango cha madhara. Pato la Mtanzania mwaka 2021 lilikuwa kama dola 1,100, kwa hiyo hesabu inaanzia karibu dola 13,000. Uingereza, yenye sheria yake tangu 1979, inalipa pauni 120,000 kwa ulemavu wa kuanzia asilimia 60. Chanjo ileile, mwili uleule wa binadamu, bei tofauti.

Hata hivyo mpango ule ulihusu dozi za corona zilizopitia COVAX tu. Sindano ya HPV anayochomwa binti wa shule ya Tengeru haimo.

Mfano tunao nyumbani

Hatuhitaji kubuni kitu kipya. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unamlipa aliyeumia kazini bila kumtaka athibitishe kosa la mwajiri. Waajiri wanachangia, aliyeumia analipwa. Marekani inafanya hivyohivyo kwa chanjo: tozo ya senti 75 za dola kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi inaingia kwenye mfuko. Afrika Kusini nayo ilianzisha mfuko wa chanjo ya corona Aprili 2021.

Hoja ni rahisi. Tunachanjwa ili jamii nzima ikingwe. Yule mmoja anayeumia kwa ajili ya wote asiachiwe bili peke yake. Na mzazi anayejua kwamba kuna mfuko nyuma yake ana sababu moja pungufu ya kusikiliza uvumi wa WhatsApp.

Kwa sasa, fanya hivi

- Tunza kadi ya chanjo. Hakikisha ina tarehe, kituo na namba ya toleo la dozi.
- Ukiona dalili kali, rudi kituoni haraka na uombe iandikwe kwenye faili.
- Toa taarifa TMDA. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha.
- Tunza risiti na vyeti vyote vya hospitali.
- Muone wakili mapema. Miaka mitatu si mingi.