Aliyepiga Besi Ni Nani?

Mwaka 1988 mwanamuziki James Mtume alisikika kwenye redio ya New York akiwasema vijana wa hip-hop. Kunyofoa kipande cha rekodi ya mtu na kukizungusha kwenye mashine, kwa maoni yake, hakukuwa kutunga muziki. Kundi la Stetsasonic la Brooklyn lilimjibu mwaka huohuo kwa wimbo "Talkin' All That Jazz", na jibu lenyewe likasimama juu ya besi ya "Expansions" ya mpapasa kinanda Lonnie Liston Smith. Msomaji aliyezoea malumbano ya washairi wetu magazetini ataitambua mbinu hii: unamjibu mtu kwa mizani ileile anayokutuhumu nayo. Stetsasonic walidai kwamba muziki wa zamani ulikuwa umelala, na wao ndio waliourudisha masikioni mwa watu.

Toleo hili linahusu sampuli za jazi ndani ya hip-hop. Jazi yenyewe ni ile ya Wamarekani Weusi, si dansi ya Morogoro Jazz wala Western Jazz, ingawa Kiswahili kimo ndani yake kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mtume huyo alikuwa mtoto wa mpuliza saksafoni Jimmy Heath. Jina lake alilipata alipokuwa California, katika jumuiya ya Maulana Karenga. Ndiye pia aliyewagawia majina ya Kiswahili wanamuziki wa Herbie Hancock: Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Julian Priester Pepo Mtoto, Bennie Maupin Mwile, na Eddie Henderson, mpiga tarumbeta aliyekuwa daktari kweli, akaitwa Mganga. Albamu yao ya 1971 inaitwa Mwandishi. Baadaye Mtume alipiga ngoma za mkono katika bendi ya Miles Davis. Aliyewakemea wale vijana, kwa hiyo, hakuwa mzee asiyejua muziki unakotoka.

Hata hivyo nadhani malumbano yale yalikosa shabaha pande zote mbili. Kama sampuli ni utunzi au si utunzi, masikio yalikwisha kuamua zamani. Swali ambalo halijajibiwa vizuri hadi leo ni jingine: kile kipande kilichokatwa, aliyemo ndani yake ni nani?

Tuanze na mashine. E-mu SP-1200, iliyotoka 1987, ilikuwa na nafasi ya sekunde kama kumi tu za sauti, na kumi hizo ni kwa biti nzima. Prodyuza aliyetaka kubana nafasi alicheza santuri ya mizunguko 33 kwa mwendo wa 45, akairekodi ikikimbia, kisha akaishusha tena ndani ya mashine. Sauti ilirudi ikiwa na mchanga, nzito, kama imetoka chumba cha pili. Wengi waliupenda ule mchanga kuliko usafi wa studio. Ukiwa na sekunde kumi hubebi wimbo mzima. Unabeba mipigo miwili ya kinanda, nusu ya mstari wa besi, au pigo moja la drams lenye mwangwi wa chumba lilimopigwa. Ufinyu huo uliwafundisha vijana kusikiliza jazi kwa namna ambayo wahakiki wengi hawakuijaribu: waliacha kuuliza wimbo unakwenda wapi, wakauliza kidole hiki kimegusaje kibonyezo hiki.

Chukua "The World Is Yours" ya Nas, katika Illmatic ya 1994. Pete Rock alikwenda kwenye "I Love Music" ya Ahmad Jamal, kutoka albamu ya The Awakening ya 1970, akachukua kipande kifupi cha piano. Rekodi ile inapita dakika saba. Jamal anazunguka, anasita, anarudi, na mahali fulani katikati anapita kwenye sauti chache kama mtu anayewaza peke yake. Hapo ndipo Pete Rock alipotia mkasi. Sasa tazama jalada: watunzi wa "I Love Music" ni Emil Boyd na Hale Smith. Kilichochukuliwa ni namna Jamal alivyoupita wimbo wao katika rekodi ile, na kwa hesabu za utunzi namna hiyo haina mwenyewe. Jamil Nasser alikuwa kwenye besi na Frank Gant kwenye drams. Katika albamu hiyohiyo ya Nas kuna kitu kinyume kabisa: katika "Life's a Bitch", baba yake Olu Dara aliingia studio mwenyewe na koneti yake, na jina lake likaandikwa.

J Dilla naye, wakati ule akijiita Jay Dee, alimwendea Jamal huyohuyo kwa ajili ya "Stakes Is High" ya De La Soul, 1996. Wimbo aliouchagua unaitwa "Swahililand". Dilla anarudia kipande kifupi mpaka kinageuka onyo, na De La Soul wanakitumia kuwasuta wenzao waliotekwa na fedha na bunduki. Jamal hakuwa na onyo hilo akilini. Lakini ule uzito ulikuwamo kwenye rekodi tangu mwanzo, na aliyeusikia ni kijana wa Detroit, zaidi ya miaka ishirini baadaye.

Kesi inayonikera, na ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya, ni ya mpiga filimbi James Newton. Wimbo wake "Choir" ulirekodiwa kwa kampuni ya ECM mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unatokana na kumbukumbu yake ya utotoni ya wanawake wanne Weusi wakiimba katika kanisa la kijijini Arkansas. Newton anapuliza filimbi huku akiimba ndani yake, sauti mbili zinagongana na kuzaa nyingine juu yake, na unasikia kwaya kutoka kinywa kimoja. Beastie Boys walichukua sekunde sita za mwanzo wakazirudia zaidi ya mara arobaini katika "Pass the Mic" ya 1992. Waliomba ruhusa kwa wenye rekodi, ECM, wakalipa dola 1,000. Kwa Newton mtunzi hawakuomba. Alipokwenda mahakamani alishindwa, na rufaa pia ikamkataa. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba kwenye karatasi ya nota kipande kile kina noti tatu tu, ambazo ni kidogo mno kulindwa. Kule kupuliza na kuimba kwa pamoja kuliwekwa upande wa upigaji, na rekodi ya upigaji ilikwisha kulipiwa.

Tafakari hukumu hiyo. Beastie Boys hawakutaka noti tatu, kwa kuwa noti tatu yeyote angeweza kuzipiga. Walitaka pumzi ya Newton. Sheria ikasoma karatasi, na kwenye karatasi pumzi haionekani. Zaidi ya miaka kumi kabla, katika kesi ya sampuli ya rapa Biz Markie ya 1991, jaji mwingine alifungua hukumu yake kwa amri ya Musa inayokataza wizi, kana kwamba jambo lote ni kuku aliyeibwa. Baada ya hapo vibali vilipanda bei na maprodyuza wakazidi kukata vipande vidogo. Lakini hata vibali vinapolipwa hadi senti ya mwisho, fedha huenda kwa mwenye tepu na mwenye utunzi. Mpigaji wa kukodiwa alikwisha pokea ujira wa siku yake.

Kwa hiyo Idris Muhammad wa New Orleans anasikika kila mahali na hatajwi. Drams za "Nautilus" ya Bob James, wimbo wa mwisho kabisa kwenye albamu ya 1974, ni zake. Run-DMC waliutumia, Ghostface Killah akautumia, na orodha ni ndefu. Mtume alikuwa na bahati ya kuwa mtunzi: Notorious B.I.G. alipochana juu ya "Juicy Fruit" yake mwaka 1994, jina lake liliingia kati ya watunzi wa "Juicy". Mtu aliyewasema wachukua sampuli akaishia kuwa mmoja wa waliofaidika nazo zaidi. Sioni unafiki hapo, maana aliombwa na akaandikwa.

Wapo watakaosema ujira ni ujira, na mkataba ulisainiwa. Sawa. Lakini mkataba wa 1970 haukujua kwamba pigo moja la drams litakuja kuuzwa peke yake. Sheria yetu ya Tanzania ya 1999 angalau inaweka hakishiriki ya watumbuizaji kando ya hakimiliki. Tutaijaribu sawasawa siku vijana wetu watakapoanza kuzikata kwa wingi tepu za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo wengi wetu tunazijua kwa jina la bendi na la mwimbaji tu.

Mhariri hana uwezo wa kubadilisha mgawo wa mirabaha, ila anaamua kinachochapwa. Katika toleo hili kila rekodi ya jazi inayojadiliwa imeandikwa pamoja na wote waliopiga, kwa kadiri jalada linavyowataja, na ndani ya makala yenyewe, si chini ya ukurasa. Baadhi ya waandishi wetu walilalamika kwamba majina yanakatiza mwendo wa sentensi zao. Ni kweli yanakatiza, na hatukuyaondoa.