Mchoro Ubaoni: Picha Inayobeba Hesabu

Mara hii tumekusudia kuzungumza juu ya jambo linalowahusu walimu na wazazi pamoja, nalo ni kumfundisha mtoto kwa mchoro unaokusanya hesabu na maelezo mahali pamoja. Siku hizi mchoro wa namna hiyo huitwa infografiki.

Wengi wetu tukiona picha katika daftari la mtoto hudhani kwamba amecheza tu. Twataka aandike mengi na akariri mengi. Lakini Mtume wetu (S.A.W.), naye ndiye mbora wa walimu, alifundisha kwa mchoro. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Abdullah bin Masud (R.A.) kwamba Mtume alichora mraba, akapiga katikati yake mstari uliotokeza nje, kisha akapiga vistari vidogo vinavyouelekea mstari ule. Akawafahamisha kuwa mstari wa kati ni mwanadamu, mraba ni ajali yake iliyomzunguka, kilichotokeza nje ni matumaini yake, na vistari ni misiba. Ukimkosa huu humpata ule. Ni mistari michache, lakini humwingia msikilizaji moyoni.

Na katika mambo ya dunia uko mfano mwingine. Baada ya vita vya Crimea, vilivyokwisha mwaka 1856, muuguzi wa Kiingereza Florence Nightingale alikuwa na hesabu za askari waliokufa. Mwaka 1858 akazitoa kwa mchoro wa duara, kila mwezi na kipande chake: buluu kwa waliokufa kwa maradhi yanayozuilika, nyekundu kwa waliokufa kwa majeraha, na nyeusi kwa sababu nyingine. Mtu akitazama mara moja aliona kuwa buluu imeipita nyekundu kwa mbali, yaani uchafu na maradhi viliua kuliko silaha za adui.

Basi mwalimu afanyeje? Asianze kwa kueleza. Aubandike mchoro ubaoni, awaache wanafunzi wautazame kwa utulivu, kisha awaulize mambo matatu: Unatujulisha nini? Hesabu hizi zimepatikana vipi? Na lipi limeachwa? Hapo mtoto hulazimika kufikiri mwenyewe, wala hangoji kutiliwa maneno kinywani.

Baadaye wachore wao. Kwa mfano, kila mmoja ahesabu kwa muda wa wiki moja madumu ya maji yanayotumika nyumbani kwao: ya kupikia, ya kufulia, ya kuogea na ya kutawadhia. Wakirudi darasani wajumlishe, wachore nguzo katika karatasi ya manila, na chini yake kila mmoja aandike sentensi mbili za kueleza alichokiona. Sentensi hizo zisiachwe, kwa maana anayeweza kuchora asiweze kueleza bado hajafahamu. Tena rangi zisiwe nyingi mno, na kila nguzo iandikwe jina lake, kwani wako watoto wasiopambanua nyekundu na kijani.

Lakini ndugu zangu, liko jambo kubwa zaidi ya hilo. Picha huweza kusema uwongo hali kila tarakimu iliyomo ni ya kweli. Tuseme darasa moja lina wanafunzi 90 waliofaulu na jingine 95. Ukianza kipimo cha nguzo kwenye sifuri, nguzo zitakaribiana. Ukianza kwenye 88, nguzo ya pili itaonekana ndefu kuliko ya kwanza mara tatu na nusu! Au mtu ataka kuonyesha kitu kilichozidi maradufu, akaikuza picha yake urefu na upana pia. Jicho litaona kimezidi mara nne. Wana wetu hupelekewa michoro kama hii kila siku katika simu, ya biashara, ya siasa na ya dawa. Asiyefundishwa kuipima ataongozwa nayo kama kipofu.

Mwenyezi Mungu amewaonya vikali wapunjao vipimo, na Sura nzima imeitwa kwa jina lao, Al-Mutaffifin. Nasi twaona kuwa mchoro nao ni kipimo. Anayeuchora kwa hila humpunja mtazamaji haki yake ya kuijua kweli, kama muuzaji apunjaye pishi ya mchele.

Kwa hivyo, mzazi, mwanao akirudi na mchoro usimwambie ameharibu karatasi. Mketishe karibu nawe, umwambie, “Mwanangu, nisomee.” Akishakusomea, muulize kipimo chake kimeanzia wapi. Akiweza kukujibu, mshukuru Mungu, kisha umshukuru mwalimu wake.

Wabillahi tawfiq.