Shukrani isiyopiga hesabu

Mpendwa msomaji, Jumapili hii nakualika tuingie pamoja katika nyumba moja ya Bethania, kijiji kilichokuwa karibu na Yerusalemu. Mwenye nyumba anaitwa Simoni Mkoma. Yesu ameketi chakulani, na siku za mateso yake zimekaribia. Mara anaingia mwanamke mwenye chupa ya marhamu ya nardo safi. Anaivunja na kummiminia Bwana kichwani. Ndivyo anavyosimulia Marko, sura ya 14, aya ya 3 hadi ya 9. Yohana, katika sura ya 12, anamtaja Mariamu, dada yao Martha na Lazaro, kuwa ndiye aliyeipaka miguu ya Yesu marhamu na kuifuta kwa nywele zake, nyumba nzima ikajaa harufu nzuri.

Waliokuwa mezani walipiga hesabu upesi. Marhamu ile ingeuzwa kwa dinari zaidi ya 300. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, dinari moja ni ujira wa kibarua wa shamba la mizabibu kwa siku nzima. Ukiondoa sabato na sikukuu, dinari 300 ni karibu kazi ya mwaka mzima. Kwa mkulima wa Maposeni, huku kwetu Songea, hayo ni mavuno yote ya msimu: mahindi ya chakula, mahindi ya kuuza, ada za watoto na fedha ya mbolea ya msimu ujao. Vyote vikamiminwa katika dakika chache, na chupa yenyewe ikavunjwa.

Tuwe wakweli, ndugu zangu. Wengi wetu tungenung'unika pamoja na wale waliokuwa mezani. Tungesema huyu mama angeweka kidogo kwa ajili ya kesho, au angetoa nusu tu. Nasi tungejiona wenye busara.

Ili kumwelewa Mariamu, lazima turudi nyuma sura moja. Katika Yohana 11, kaka yake alikuwa kaburini siku nne, na Yesu akamwita atoke. Sasa, katika sura ya 12, Lazaro yupo mezani na anakula. Mariamu akiinua macho anamwona kaka yake hai. Mtu aliyerudishiwa ndugu yake kutoka kaburini hatafuti chenji. Alikuwa amekwisha kupokea kabla hajatoa, na marhamu ile ilikuwa njia yake ya kusema asante.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya sadaka ya Kikristo na biashara. Mfanyabiashara hutoa ili apate. Mkristo hutoa kwa sababu amepata. Luka, katika sura ya 7, anasimulia habari ya mwanamke mwingine, mwenye dhambi, aliyemlilia Yesu miguuni katika nyumba ya Farisayo. Yesu akamweleza Farisayo yule juu ya wadeni wawili waliosamehewa, mmoja dinari 500 na mwingine 50, akamwuliza ni yupi atakayempenda zaidi aliyewasamehe. Jibu linatuhusu sote. Mtu asiyejua amesamehewa kiasi gani, kila sadaka kwake ni nzito na kila shilingi inamwuma.

Sasa tuje kwenye lile swali gumu: na maskini je? Lilikuwa swali la maana, na hadi leo linaulizwa na watu wenye nia njema. Yohana anatuambia kwamba aliyelitoa siku ile ni Yuda, mshika mfuko, naye alikuwa mwizi wa kilichowekwa humo. Mathayo, katika sura ya 26, anaiweka habari ya marhamu jirani kabisa na habari ya Yuda kwenda kwa wakuu wa makuhani kuuliza watampa nini. Wakampimia vipande 30 vya fedha. Mwanamke hakuuliza Bwana ana thamani gani. Yuda aliuliza, akapewa bei.

Lakini tusijifiche nyuma ya wizi wa Yuda ili tulikwepe swali lenyewe. Yesu aliposema kwamba maskini watakuwapo siku zote, alikuwa akiwakumbusha Torati, Kumbukumbu la Torati 15:11. Pale, maneno ya kwamba maskini hawatakoma yanafuatwa papo hapo na amri ya kumfumbulia mkono ndugu aliye mhitaji. Kwa hiyo anayelitumia neno hili kuwapuuza maskini amelisoma nusu. Bwana hakumwondolea mtu yeyote wajibu huo. Alichokataa ni maskini kutumiwa kama fimbo ya kumchapia mtu anayependa.

Na hapa kwetu tunao ushahidi kwamba anayemimina mbele za Bwana ndiye pia anayewakumbuka maskini. Kutoka Maposeni si mbali hadi Peramiho, misioni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, Padre Cassian Spiss akiwa mwanzilishi wake. Mgeni anayefika pale huliona kwanza kanisa kubwa la abasia, lililojengwa miaka ya 1940 kwa mikono ya mabruda na mafundi wenyeji. Anaweza kuuliza kama wale wa Bethania: kwa nini jengo kubwa hivi katika nchi ya wakulima wa jembe la mkono? Lakini asiishie hapo. Jirani na kanisa ipo Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, ambayo kwa miongo mingi imepokea wagonjwa kutoka kila pembe ya kusini. Zipo shule, karakana na kiwanda cha kuchapa vitabu. Na si mbali na hapo ni Litisha, mahali walipotunzwa wagonjwa wa ukoma, watu ambao jamii nyingi ziliwaogopa na kuwatenga. Wale waliojenga altare ndio waliofunga vidonda. Tukumbuke kwamba chupa ya nardo nayo ilivunjwa katika nyumba ya Simoni Mkoma.

Gharama yake haikuwa ya fedha peke yake. Tarehe 14 Agosti 1905, Spiss, wakati huo akiwa askofu, aliuawa njiani karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, vita vya Majimaji vilipokuwa vimeanza. Peramiho nayo ikachomwa. Haki inatutaka tuseme upande wa pili pia. Wazee wetu walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko na kazi za shuruti za utawala wa Kijerumani. Mwaka 1906 viongozi wao, akiwamo Nduna Songea Mbano, walinyongwa mjini Songea, na njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa iliua watu wengi mno. Nchi hii ililia pande zote mbili. Kwa hiyo imani iliyochipua tena hapa haikuchipua katika shibe. Ilibebwa na watu waliojua ghala tupu linavyofanana.

Ilibebwa hasa na makatekista, ambao majina ya wengi wao hayamo katika kitabu chochote. Walitembea kutoka kigango hadi kigango, wakafundisha watoto, wakazika wafu, kisha wakarudi kulima mashamba yao jua likiwa limekwisha kuwa kali. Ikabebwa na mabinti wa Kiafrika walioweka nadhiri, kama Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, shirika lililoanzishwa mwaka 1938. Masista hao wamelea yatima, wamefundisha, na katika miaka ya karibuni wamejenga mtambo wa kuzalisha umeme huko Tulila, katika Mto Ruvuma. Kuna aliyeuliza zamani kwa nini binti mwenye akili apotelee utawani. Leo taa zinawaka.

Msomaji wangu, baada ya kusema hayo nina deni la kukuonya. Siku hizi habari ya marhamu ya Bethania inahubiriwa vibaya mahali pengi. Watu wanaambiwa walete cha mwisho walicho nacho, kisha Mungu atalazimika kuwarudishia mara mia. Bahasha zinasomwa kwa majina, aliyetoa nyingi anapigiwa vigelegele na aliyetoa kidogo anainamisha kichwa. Mgonjwa anaambiwa hajapona kwa kuwa sadaka yake haijamgharimu vya kutosha. Hii si nardo. Yesu hakumwomba yule mwanamke chochote, wala hakumwahidi chupa nyingine. Nasi tusisahau kwamba kabla tu ya habari ya mjane wa senti mbili, katika Marko 12, Bwana aliwakemea waandishi waliokula nyumba za wajane.

Basi tutajuaje kwamba sadaka yetu ni ya mtu wa Bethania? Nitaje mambo matatu. Kwanza, itoke katika shukrani. Kabla ya kufungua pochi, mtu ajiulize ametendewa nini na Bwana. Pili, iwe ya hiari. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 9:7, hataki mtu atoe kwa huzuni wala kwa kulazimishwa. Tatu, isiwe mali ya mtu mwingine. Katika Marko 7 Yesu anawakemea waliosema "Korbani", yaani wamekwisha kuitoa mali yao wakfu kwa Mungu, ili wasiwatunze baba na mama. Baba anayepeleka gunia kanisani ili aonekane, huku mtoto wake amerudishwa shuleni kwa kukosa mahitaji na mke wake hana cha kupika, amemimina marhamu iliyo ya wengine.

Tukishayazingatia hayo matatu, tusiwe tena wachoyo kwa kisingizio cha busara. Msimu wa mavuno ukifika, katika makanisa ya vijijini utaona debe la mahindi, mkungu wa ndizi na kuku aliyefungwa miguu vikiletwa mbele ya altare. Utamwona bibi anayekuja na kisonzo cha maharage yaliyochaguliwa moja moja, yasiwe na hata moja lililotobolewa. Kwa soko ni kitu kidogo. Lakini tazama alivyochagua! Wapo wengine wanaokwenda kufagia kanisa Jumamosi jioni baada ya kutwa nzima shambani, na wapo wanaolala hospitalini kumwuguza jirani asiye na ndugu. Hiyo nayo ni chupa iliyovunjwa, maana muda na usingizi havirudi.

Je, wewe Bwana amekufufulia Lazaro gani? Labda ni mtoto aliyepona, ndoa iliyorudi, au dhambi ambayo ulidhani haina msamaha. Leo, kabla jua halijazama, tafuta kitu kimoja chema ulichokuwa umejiwekea, umpe Bwana: kiwe altareni, au mikononi mwa maskini aliye jirani yako. Usikitangaze, wala usingoje malipo.

Ee Bwana Yesu, uliyejimimina kwa ajili yetu msalabani bila kupiga hesabu, utufundishe kukupenda kwa gharama, na kuwaona maskini wako kila tunapokuona wewe. Amina.