Puto la Kondomu Halichukui Nafasi ya Damu

Mnamo 2003, Dkt. Sayeba Akhter na wenzake wa Dhaka, Bangladesh, walichapisha taarifa ya wanawake 23 waliotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Puto la kiwandani la kuzuia damu lilikuwa ghali mno. Wakachukua kondomu, wakaifunga kwa uzi kwenye mpira wa mkojo, wakaiingiza katika mfuko wa uzazi na kuijaza maji ya dripu yenye chumvi, mililita 250 hadi 500. Puto likakandamiza kuta za mfuko kwa ndani, na kwa wote 23 damu ilikoma katika dakika 15.

Vifaa hivyo vyote vilikuwa tayari kabatini. Ndiyo maana ubunifu huo ulienea upesi hadi Afrika, na sina neno la kuupunguzia heshima. Ninachokipinga ni kuugeuza kisingizio.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za Uganda, Misri na Senegal. Baada ya puto kuanza kutumika, upasuaji na vifo vilivyotokana na kutokwa na damu, vikihesabiwa pamoja, havikupungua, viliongezeka. Mimi nashuku kuchelewa: puto likishawekwa, watu hupumua, na rufaa husubiri.

Shirika la Afya Duniani, katika pendekezo lake la 2021, limeweka masharti. Puto ni la mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida, ambaye mfuko wake wa uzazi umelegea na dawa za awali zimeshindwa. Kondo la nyuma lililobaki na majeraha ya njia ya uzazi viwe vimechunguzwa kwanza. Mhudumu awe amefundishwa, mama afuatiliwe kwa karibu, na upasuaji na damu vipatikane bila kukawia. Sharti hili la mwisho ndilo gumu, kwa kuwa halimo mikononi mwa mkunga. Kiongozi anayesifu ubunifu wake jukwaani huku jokofu la damu likiwa tupu, amemtwika mzigo usio wake.

Familia nayo, ikiambiwa kwamba mama amewekewa puto, ina haki ya kuuliza: damu ya kundi lake ipo? Gari la wagonjwa liko tayari? Na nani anakaa naye usiku huu?