Amana Chini ya Sinki



Juma lililopita nilimkuta mjukuu wangu wa miaka 2 ameketi mbele ya kabati la chini ya sinki la bafuni, mkononi ana chupa ya soda. Ndani hamkuwa na soda. Mlikuwa na dawa ya kuzibulia mabomba. Kifuniko kilimshinda, alhamdulillahi. Aliyeitia dawa ile katika chupa ile ni mimi.

Kesho yake nikamwita seremala, tukalipanga upya. Bomba lililopinda chini ya sinki halina budi kubaki, maana maji yatuamayo katika pindo lake ndiyo yazuiayo harufu ya mfereji. Basi droo ikakatwa mfano wa herufi U, ikalizunguka. Na ubao wa nyuma ukaachwa wa kufunguka, fundi bomba apate kufika. Kabati likainuliwa kwa miguu ya kimo cha sentimita 15, kwani hapo twatawadha, maji humwagika, na mbao za unga wa mbao zikilowa hufura.

Humo sasa mna sabuni, taulo na kopo. Dawa kali zimepanda juu, nyuma ya komeo, kila moja katika chombo chake cha asili. Wala dawa ya klorini isichanganywe na asidi: hutoa hewa ya sumu.

Mtoto ni amana, naye hajui kusoma maandishi ya chupa. Tumsomee sisi.